Ndugu wa marehemu nao wapimwe moyo



Natoa maoni yangu juu ya vifo vya ghafla vya vijana. Hapa Mchikichini, jirani na Uwanja wa Karume, kijana asiyeugua akianguka na kufa, matanga hugeuka baraza la kumtafuta mchawi. Ndugu zake wa tumbo moja hurudi uwanjani na sokoni bila kupimwa.

Wapenzi wa soka wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani huko Lyon, Ufaransa, Juni 26, 2003, akafariki. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa alikuwa na ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Ugonjwa huo mara nyingi hurithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto yumo hatarini nusu kwa nusu, na anaweza kukaa miaka asisikie lolote.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Muhimbili tangu 2015, wala si mbali na kwetu. Lakini anayekwenda huko ni mzee mwenye presha. Kijana anayejiona mzima haendi, na nani atamwambia aende? Nashauri daktari anayethibitisha kifo cha namna hii awaandikie wazazi, kaka na dada za marehemu barua ya kupimwa umeme wa moyo na picha ya moyo. Vipimo hivyo haviumi. Kinachouma ni gharama. Je, Wizara ya Afya iko tayari kuwalipia?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mchikichini,
Dar es Salaam.