Zamu ya usiku: tusikeshe wote kwenye telefone



Leo hatuandiki juu ya kodi wala juu ya barabara mbovu. Tunaandika juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekishika mkononi sasa hivi. Vijana wa miji yetu, Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira, wamechoka. Wamechoka mwili, wamechoka kichwa. Na sehemu kubwa ya uchovu huo inatoka kwenye telefone inayowaka mpaka saa nane, saa tisa ya usiku.

Wakubwa wetu wanasema: "Batoto ba leo banapenda tu telefone, habana kazi." Wakubwa, tunawaheshimu, lakini hapo hapana. Kwetu mashariki telefone siyo mchezo. Ndiyo inatuambia kama barabara ya Sake imefungwa, kama kuna masasi katika kartie, kama mama amefika salama. Mwisho wa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika. Waliokuwa na ndugu ndani ya muji wanajua namna ilivyo kungoja bila kujua kama mtu wako yuko muzima ao hapana.

Kwa hiyo hatutamwambia mtu atupe telefone yake. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti katika inchi yote kwa karibu siku 20. Vijana tulipinga, na ikirudi tutapinga tena. Intaneti ni haki ya mwanainchi. Lakini kupata habari ni kitu kimoja, na kukesha ni kitu kingine.

Tuangalie vile mambo yanapita. Saa sita ya usiku ujumbe unaingia: kuna masasi upande fulani. Kuusoma ni dakika moja. Ukiongeza dakika tano za kumuita mtu wa pale, tayari umejua cha kufanya: kulala chini, kutoka, ao kubaki. Kisha unafungua video moja. Halafu ya pili. Halafu matusi ya watu wasiojuana, mutu anacheza dansi, maiti barabarani, goli la mpira, maiti mwingine. Saa mbili zimepita, mega zimeisha, na juu ya usalama wako hujaongeza kitu hata kimoja. Kilichoongezeka ni moyo kupiga mbio.

Hii haikuja kwa bahati mbaya. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho: unafika chini, unaamua kuendelea ao kuacha. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usioisha, ule unaojijaza wenyewe kila unaposukuma kidole. Baadaye yeye mwenyewe alisema anajuta. Na karibu pesa yote ya Meta, kampani yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, inatoka kwa matangazo ya biashara. Maana yake ni rahisi: kila dakika unayobaki pale, kuna mtu anaiuza. Woga wetu na hasira yetu ndiyo vinatufanya tubaki, njo maana vinaletwa mbele kila siku.

Mwili ndio unalipa. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi ao zaidi kila usiku, na kijana wa masomo ya sekondari saa 8 mpaka 10. Asiyezipata anaamka na kichwa kizito, anakasirika bure, anasahau alichosoma. Macho yanakauka, juu ukikazia kioo unapepesa kope kidogo tu. Shingo inauma, mgongo unauma. Na akili nayo inalipa. Mwezi wa tano 2023 mganga mkuu wa Marekani alitoa onyo kwamba vijana wanaopitisha zaidi ya saa 3 kwa siku kwenye mitandao wako katika hatari mara mbili ya kupata shida ya akili, kama huzuni nzito na wasiwasi.

Sisi tuna mzigo mwingine juu ya huo: picha za vita. Inchi yenye kuishi vita inapaswa kusikia vizuri jambo lililoonekana huko Boston, Marekani. Mwaka 2013 mabomu yalilipuka pale katika mashindano ya mbio. Watafiti walipouliza watu, waliona kwamba wale walioangalia habari za mabomu hayo saa 6 na zaidi kwa siku, wiki nzima, walikuwa na mshtuko mkubwa kuliko wale waliokuwa pale mahali penyewe. Yaani kuangalia tena na tena kunaweza kuumiza kichwa kama kuwapo, hata kupita kuwapo. Sasa fikiria kijana wa kwetu: mchana amekimbia masasi yeye mwenyewe, na usiku anayaangalia tena mara makumi. Anaumizwa mara mbili.

Kwa nini sisi, watu wa mapambano ya kiraia, tunaingilia usingizi wa watu? Juu mtu aliyechoka ni rahisi kumudanganya. Mnakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, siku zilizofuata ardhi ilikuwa inatetemeka mchana na usiku, na uvumi ulikimbia mbio kuliko watu. Mtu asiyelala siku tatu hana nguvu ya kuuliza: nani amesema? Ameona na macho yake? Anasukuma tu kwa wengine, na familia nzima inabeba magodoro inaingia barabarani. Wale wanaotaka kututia woga hawahitaji kutushinda kwa hoja. Wanangoja tu tuchoke.

Tunapendekeza kitu ambacho kartie zetu zinakijua tayari. Wezi walipozidi, wanaume na vijana wa avenie walipanga ulinzi wa usiku. Hawakukesha wote kila siku. Walipeana zamu: hawa leo, wale kesho, na wengine walilala juu walijua filimbi na sufuria zitapigwa kama kuna hatari. Tufanye vile vile na habari.

Kila grupu ya makamarade, ya kanisa, ya chuo ao ya avenie ichague watu saba. Kila usiku mmoja wao ndiye macho ya wote. Wengine wanazima intaneti saa tatu ya usiku, lakini wanaacha mlio wa kuitwa. Kukiwa hatari ya kweli, mwenye zamu anapiga simu. Hatumi audio, hatumi video: anaita, anasema nini, wapi, na nani amemuhakikishia. Mwenye zamu naye anapumzika mchana unaofuata, na grupu inamchangia mega zake.

Pili, habari mara mbili kwa siku, asubui na magaribi. Habari ya redio iko na mwanzo na mwisho. Ikiisha, zima, fanya kazi yako.

Tatu, picha za maiti zisitoke kwenye telefone yako. Yule mtu ana mama. Kama ni ushahidi wa uhalifu, ilinde na uipeleke kwa watetezi wa haki za binadamu, siyo kwenye grupu ya watu 200.

Ine, mikutano yetu ifanywe na telefone ndani ya kikapu. Saa moja ya kuangaliana usoni inamaliza kazi ambayo grupu ya WhatsApp inaivuta wiki nzima.

Tano, mwili utembee. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki. Hiyo haiombi pesa. Kupanda Kadutu na miguu, kukimbia asubui na wenzako pale kuna usalama, kushika jembe siku ya salongo: yote inahesabika.

Na kwa ndugu ao dada ambaye, hata akizima telefone, usingizi haukuji, anashtuka kila mlango ukigonga, ao anaona maisha hayana maana tena: siyo wazimu, siyo ulozi, na siyo haya. Ni kidonda, na kidonda kinatibiwa. Ongea na mtu unayemwamini, nenda kwenye kituo cha afya, uliza mshauri wa kisaikolojia. Ukiona kamarade amebadilika, usimtumie kichekesho. Mfikie nyumbani, ukae naye.

Tunaomba jambo moja kwa wiki hii. Siku ya Mungu jioni, andikeni majina saba, gaweni usiku saba, na muanze. Kisha mwezi tukutane uso kwa uso, tuulizane nani amelala vizuri, na ni uvumi ngapi zimekufa mikononi mwetu.

Tuko pamoja.