Utii Huanza Nje ya Lango

Methali yasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi Wakristo hapa shuleni huikubali upesi, mradi mkuu huyo awe Mungu na amri yake iwe ya Jumapili. Jumatatu ikifika, mambo hubadilika. Kwa maoni yangu, amani tunayoiomba kwa sauti kubwa kila saa ya chakula cha mchana haipatikani kwa sauti. Hupatikana kwa utii.

Ukambani kwetu Injili si mgeni. Mwaka wa 1895 wamishonari wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza huko Nzaui. Leo mji wa Machakos una makanisa tele na mikesha haikosekani. Lakini je, utakatifu umeongezeka sawa na vipaza sauti? Jibu mnalo wenyewe.

Hebu tutazame Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Kabete mwaka wa 1937. Waliookoka hawakuishia kuimba. Walitubu hadharani, na wengi wakarudisha vitu walivyokuwa wameiba. Aliyerudisha cha wenyewe hana haja ya kujificha akikutana na mwenye mali njiani. Hiyo ndiyo amani.

Sasa turudi kwetu. Sisi wa shule ya kutwa hatuna kengele ya bweni wala mwalimu wa zamu wa kutuchunga usiku. Kati ya lango la shule na mlango wa nyumbani ni wewe na Mungu wako tu. Makanga akisahau kukudai nauli, utalipa? Ukitumwa dukani, chenji yote itafika? Na yule aliyeingia kwenye mtihani na mwakenya, hata kama asubuhi aliomba kwa machozi, moyo wake utatulia vipi msimamizi akipita karibu? Atatoka jasho tu! Mfalme Sauli alibakiza mifugo aliyoamriwa kuiangamiza, kisha akajitetea eti ni ya sadaka. Samweli hakumkubalia.

Wengine watasema utii ni hatari, na watataja Shakahola. Wana sababu. Mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, ya watu walioamini kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Watoto walikuwemo. Lakini jamani, hao walimtii nani? Walimtii mwanadamu aliyejifanya sauti ya Mungu. Vijana waliouawa Namugongo, Uganda, mwaka wa 1886 walimkatalia hata Kabaka Mwanga, maanake walikuwa na mkuu kumpita yeye. Anayemtii Mungu kwelikweli si rahisi kuburutwa na mfalme, sembuse mhubiri.

Kipimo ni hiki: amri ikikufanya mwaminifu na mwenye huruma zaidi, itii. Ikikutaka umuumize mtoto au uwafiche wazazi, ikatae, hata ikitoka madhabahuni.

Kwa hivyo, wenzangu, tusingoje kongamano lijalo ndipo tutafute utakatifu. Jioni ya leo ukipanda matatu, lipa nauli kabla hujadaiwa. Utalala usingizi mtamu.