Lori la saruji linaporudi tupu, nani analipa?

MKULIMA wa viazi wa Njombe na mwenye duka la saruji pale Makambako wanamtegemea mtu mmoja ambaye aghalabu hawamjui hata jina: dereva wa lori la kiwanda.

Tuanze na hesabu. Tangu mwaka 2019 Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, iliyotungwa 2016. Semi yenye ekseli sita huruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya mbele, 18 kwenye mbili zinazofuata na 24 kwenye tatu za tela. Jumla tani 50. Ukitoa uzito wa gari lenyewe unabaki na mzigo wa tani 30 hivi, yaani mifuko 600 ya kilo 50. Wakati wa kwenda hakuna matatizo makubwa, maana uzito wa mfuko wa saruji unajulikana.

Matatizo yako wakati wa kurudi. Kutoka Wazo, Dar es Salaam, hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600, na gari likirudi tupu, dizeli ya kurudia nayo huingia kwenye bei ya saruji. Wapo matajiri wanaokataza kabisa mzigo wa njiani. Dereva ambaye posho yake imeishia Iringa huuchukua hivyo hivyo, kwa siri.

Kwa mfanyabiashara mdogo nauli hiyo ni nafuu, lakini hapewi risiti wala hati ya mzigo. Halafu kuna lumbesa. Magunia 300 yanayosemwa ni ya kilo 100, kumbe kila moja lina kilo 120, yanakuwa tani 36. Mizani ya Wenda au Vigwaza haisikilizi maneno ya dalali. Gari linazuiwa, dereva yuko hatarini kufukuzwa kazi, viazi vinapigwa jua, na mwenye viazi hana karatasi ya kumdai mtu yeyote.

Kumtupia dereva lawama zote si haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne zikilipwa mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Muulize dereva anayelipwa kwa tripu kama amewahi kuziona hesabu hizo. (Atacheka kwanza.)

Kwa maoni yetu, viwanda viuze nafasi ya kurudia waziwazi, kwa kilo na kwa risiti, na dereva awe na fungu lake lililoandikwa kwenye mkataba. Vyama vya ushirika vikusanye mzigo mahali pamoja ili lori lisizunguke vijijini.

Kwa sasa, mwenye viazi akipata lori la kiwanda aombe barua ya kampuni kabla ya kupakia, apime kila gunia, na ahakikishe bodi imefagiliwa vumbi la saruji na kutandikwa turubai.