Safari za Rufiji Zisiachiwe Wageni Peke Yao

Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote nchini. Kilombero na Luwegu huuanzisha, Ruaha Mkuu huuongezea maji, na sehemu yake ya chini, kwa yapata kilometa 100, hupitika kwa vyombo vidogo. Hata hivyo, mwalimu wa Kibaha au karani wa Ilala akiulizwa kama amepata kuusafiria kwa kujiburudisha tu, huenda akacheka. Starehe hiyo ameachiwa mgeni aliyefikia katika kambi za Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambaye jioni hupandishwa boti akatazame viboko, mamba na furukombe penye mivumo ya Ziwa Tagalala.

Mgeni haonewi kijicho. Fedha zake zahitajika. Lililo baya ni ile dhana, iliyozagaa hata maofisini, kwamba kutembea mtoni bila shughuli ni uzungu, na kwamba likizo ya mtumishi ni ya msiba au ya shamba.

Warufiji hawakungoja kufundishwa mto. Kwa mtumbwi walikwenda kulima, kuuza na kuoza, hadi baada ya mafuriko ya mwaka 1968 wengi wao walipohamishiwa kwenye miinuko. Ujuzi wao haukupotea wote. Mto huu huhama mkondo. Fungu la mchanga lililokuwa kando mwaka jana laweza kuwa katikati mwaka huu. Hapo ramani haifui dafu mbele ya mvuvi wa Utete au Mloka, na ndiye astahiliye kushika usukani na kulipwa ujira wa haki, si kubebeshwa mizigo ya watalii.

Lakini mto wa leo si ule wa zamani. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kufua megawati 2,115 mitambo yake yote ikizunguka, lilianza kujazwa Desemba 2022, na tangu hapo maji ya chini hutegemea pia milango ya bwawa. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Basi kabla ya familia yoyote kupakiwa, nahodha hana budi kujua atapata wapi, na kwa nani, habari za maji yanayofunguliwa. Chombo kikaguliwe na TASAC. Abiria wavae maboya. Waliozika ndugu zao wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 hawahitaji maelezo zaidi.

Kuna na faida ya darasani. Deltani, ndani ya misitu ya mikoko, ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha ikazingirwa, hata ikazamishwa Julai 1915. Wanafunzi huisoma kitabuni, kama wanaisoma.

Halmashauri za Rufiji na Kibiti zaweza kuanza na boti mbili za ushirika wa wavuvi, kutoka Utete hadi deltani, wakati wa kiangazi, nauli ikiwa imebandikwa gatini mahali ambapo kila mtu ataisoma.