Shairi lisilo na vina si shairi?

Wako wandugu wanaoshika shairi mkononi, na kabla ya kusoma neno moja wanaanza kuhesabu kwa vidole. Mizani nane, tena nane. Vina vikikosekana, wanatupa karatasi: «Hili si shairi, ni maneno matupu yaliyokatwa-katwa.» Mimi nasema wanakosa. Tena nasema hivyo kwa haya, maana nilikuwa mmoja wao.

Sheria hizo sizidharau. Ni mali ya watu wa pwani, waliozitunza miaka mingi, na Sheikh Amri Abedi aliziandika vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1954. Anayetaka kutunga utenzi azifuate. Lakini nani alisema kwamba pwani peke yake ndiyo inayojua kutunga? Nendeni kwa Waluba, msikilize kasala kwenye matanga. Yule mwenye kuitoa anaita majina ya mababu, anasifu, analia, anarudia neno. Hahesabu silabi hata moja, na watu wazima wanatokwa machozi. Je, mtamwambia kwamba yeye si mtungaji?

Na sisi Wakristo tungepaswa kujua kuliko wengine. Zaburi tunazosali hazikutungwa kwa vina katika Kiebrania. Nguvu yake ni wazo linalosemwa mara mbili, mstari wa pili ukiujibu ule wa kwanza. Te Deum nayo, tuliyoiimba seminarini kwa sauti kubwa (na mara nyingine kwa usingizi), haina vina wala mizani ya kuhesabiwa. Dies irae ya wafu inavyo vyote, nayo ni nzuri. Kanisa liliimba zote mbili.

Kezilahabi wa Ukerewe, aliyesoma seminari ya Nyegezi, alipotoa Kichomi mwaka 1974, wengi walimlaumu sababu aliacha vina. Alikuwa mvivu? Msomeni kwanza. Anayeacha vina hana pa kujificha: neno lake likiwa bovu, linaonekana mara moja. Wavivu wapo, ndiyo, wanaokata sentensi vipande-vipande na kuziita shairi. Lakini wavivu wa vina ni wengi zaidi, wale wanaookota neno lolote njiani ili kufunga mstari.

Mimi nilifanya vibaya kuliko hao. Miaka iliyopita msichana mmoja wa parokia aliniletea shairi la kumlilia mama yake. Halikuwa na vina. Nikachukua kalamu nyekundu, nikalisahihisha. Mama alikufa alfajiri. Kina changu kilitaka -ku, nikaandika usiku. Msichana alisoma, akanyamaza, kisha akasema: «Mwalimu, si usiku. Jua lilikuwa linatoka, na mama aliliona.» Nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Alikunja karatasi yake, akaenda, na tangu siku ile hakuniletea shairi tena.