Mwombe Susu Akuonyeshe Mkono

Wasee, leo naongea bila kulipwa. Mwaka jana nililetewa krimu ya kuondoa makunyanzi niitangaze. Nikapiga video, nikawaambia "anzeni mapema", pesa ikaingia. Wengi wenu mna miaka 19, 20. Makunyanzi gani hayo? Video nimeifuta, lakini pesa zenu zilikuwa zimeshaenda.

Ukienda ushago, iwe Mwingi ama Wote, mwombe susu akuonyeshe mkono. Nyuma ya kiganja kumejaa mikunjo. Sasa apandishe blauzi: ngozi ya ndani, karibu na kwapa, bado ni laini. Mkono ni mmoja, umri ni ule ule. Tofauti kubwa ni jua la shamba.

Ngozi imeshikiliwa na kolajeni, kama nyuzi zinavyoshika kiondo. Zikikatika, kiondo kinalegea. Umri huzipunguza polepole, lakini miale ya jua hupenya ndani na kuziharibu haraka zaidi, hata siku ya mawingu. Sigara pia. Sasa krimu yenye kolajeni itasaidia wapi? Molekuli zake ni kubwa, zinabaki juu juu. Unalainika tu, basi. Retino inafanya kazi, sikatai, lakini inataka miezi, na ukiipaka bila kujikinga jua unajisumbua bure. Mjamzito asiiguse kabisa.

Wanaonikasirisha zaidi ni wale wa "ng'ara na urudishe ujana" kwenye kopo moja. Melanini ndiyo kinga yetu. Ndiyo maana makunyanzi hutuchelewea kuliko wazungu. Unaiondoa kwa zebaki ama haidrokwinoni, halafu unatembea na jua la Kitui saa saba mchana? Huo ni uzee umenunua na pesa yako. Steroidi nazo hufanya ngozi iwe nyembamba. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya aina hiyo 1998, na bado vinauzwa.

Mtaniambia krimu ya kukinga jua ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini kofia pana, mikono mirefu na kivuli cha mwembe saa za jua kali si ghali.

Na wewe unayetengeneza video kama mimi: tuliwauzia watoto hofu, si dawa. Wakiniletea krimu nyingine nitauliza kitu kimoja tu: kofia mnauza?