MTIHANI AMESHINDA, KAZI IKO WAPI?



Kijana aliyesomea udaktari ng'ambo akirudi Nairobi, huenda Kilimani kwenye Baraza la Madaktari. Vyeti vyake huchunguzwa, kisha hufanya mtihani. Akishinda, sheria yamtaka atumikie mwaka mzima wa mafunzo hospitalini chini ya madaktari wakuu. Ndipo aandikwe daktari kamili.

Sisi hatuupingi mtihani. Mgonjwa ni mke wako, ni mtoto wangu; asiguswe na mtu asiyejua kazi. Na aliyesoma hapa hapa naye hutumikia mwaka huo.

Lakini twauliza: nafasi za mwaka huo hutolewa na nani? Na Serikali! Ikichelewa kuzitoa, kijana hana leseni, hana mshahara, na wodi haina mtu. Huku ni kumfungia mtu mlango, kisha kumlaumu kwa kukaa nje.

Mwaka 2018 madaktari 100 wa Cuba waliletwa kwa mapatano ya serikali mbili. Hatuwachukii, ni wafanyakazi kama sisi. Lakini mishahara yao ilipatikana.

Mwaka 2024 chama cha madaktari kiligoma siku 56. Serikali ilitaka kumlipa daktari wa mafunzo shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mapatano ya 2017 yalisema zaidi ya 206,000.

Ndugu, ikiwa mapatano yaliyotiwa sahihi huvunjwa kwa daktari, ya mfagiaji yatapona? Tusimame nao.